Canada Lee: Mwigizaji Aliyehukumiwa Bila Kesi

Ukiwauliza wanachuo wengi wakutajie mwigizaji mweusi wa Marekani wa enzi za filamu zisizo na rangi, jina litakalotoka haraka ni Sidney Poitier. Ni haki yake. Lakini iko filamu moja ambayo Poitier, akiwa bado kijana, alicheza pembeni tu. Ni ile iliyotengenezwa kutokana na riwaya ya Alan Paton, Cry, the Beloved Country. Aliyeibeba filamu hiyo mwanzo hadi mwisho ni mwanamume mwingine, mwenye uso wa bondia mstaafu na jicho moja lisiloona. Anaitwa Canada Lee. Filamu ilipoonyeshwa New York mwanzoni mwa mwaka 1952, Lee alikuwa amebakiza miezi michache tu ya kuishi, na nchini kwake kazi zilikuwa zimekauka.

Sisi wa Elimu tunaochukua fasihi ya Kiingereza tunakutana na hiyo riwaya mapema. Mimi baada ya kuisoma nikaitafuta filamu, na baada ya filamu nikaanza kumfuatilia mwigizaji. Kiukweli nilitegemea kukuta habari za msanii aliyepambana akafanikiwa, basi. Nilichokuta kimenifanya niandike, hasa kwa vile kampeni za uchaguzi wa serikali yetu ya wanafunzi zimeshaanza na majina ya watu yameanza kutembea.

Fidla, farasi, ngumi

Lee alizaliwa New York tarehe 3 Machi 1907. Jina alilopewa lilikuwa refu: Leonard Lionel Cornelius Canegata. Familia yake ilikuwa na asili ya visiwa vya Caribbean, na nyumbani walitaka mtoto awe mwanamuziki. Akiwa na miaka 7 akaanza kujifunza fidla. Mmoja wa walimu wake alikuwa J. Rosamond Johnson, mtunzi wa muziki aliyeheshimika sana kati ya Wamarekani weusi. Kabla hata hajabalehe alishapiga fidla mbele ya hadhira katika Aeolian Hall, ukumbi ambao wanamuziki wakubwa wa jiji lile walikuwa wanaugombania.

Mzazi gani asingeona hapo mambo yameiva? Lakini kijana alipofika miaka 14 akatoroka nyumbani. Akaenda Saratoga, mji wa mashindano ya farasi, akaanza na kazi za mazizini, mwisho akawa anapanda farasi mwenyewe kwenye mashindano. Shida ikawa mwili. Mpanda farasi wa mashindano anatakiwa awe mdogo na mwepesi, na yeye aliendelea kurefuka na kujaza kifua. Hakuna mazoezi yanayoweza kukuzuia usikue. Akarudi mjini.

Ndipo akaingia kwenye masumbwi. Alianza na ngumi za ridhaa, mwaka 1926 akaingia za kulipwa, uzito wa welta. Lile jina la Canada Lee alilipatia ulingoni. Wenzake walikuwa wanamwita Lee, na mtangazaji mmoja aliposhindwa kulitamka Canegata akaligeuza Canada. Watu wakalipenda, naye akalibeba maisha yake yote. Alikuwa bondia mzuri, wa kutazamiwa makubwa, mpaka jicho lake lilipoumizwa. Retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ilibanduka. Kufikia mwaka 1933 jicho halioni na masumbwi yamekwisha.

Miaka 26, hana kazi, na Marekani iko katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Hapa nisimame kidogo kama mwalimu mtarajiwa. Ukiangalia hiyo historia kwa macho ya ripoti zetu za shule, huyu ni mwanafunzi asiyetulia, mtoro, aliyeharibu kipaji chake cha muziki. Mwalimu angeandika hivyo na kusaini. Lakini angalia alichokusanya. Fidla ilimpa sikio na nidhamu ya kurudia jambo moja mara mia. Ulingo ulimpa mwili usioogopa kutazamwa na maelfu ya watu. Vyote viwili vilikuwa vinasubiri kazi ya tatu ambayo hata yeye alikuwa hajaifikiria.

Kwenye jukwaa

Mwaka 1934 Lee alikwenda YMCA ya Harlem kutafuta kazi, kazi yoyote ile. Siku hiyo palikuwa na usaili wa waigizaji, naye akajikuta ndani. Hivyo ndivyo alivyoanza. Mwaka uleule akapata nafasi katika Stevedore, tamthilia kuhusu wafanyakazi weusi wa bandarini wanaosimama pamoja kupinga kuonewa.

Mwaka 1936 serikali ya Marekani, katika kuwapa kazi wasanii waliokosa ajira, ilikuwa inaendesha mradi wa maigizo uliojulikana kama Federal Theatre Project. Tawi la Harlem likaamua kuigiza Macbeth ya Shakespeare kwa waigizaji weusi watupu. Mwongozaji alikuwa kijana mweupe wa miaka 20, Orson Welles, ambaye aliihamisha hadithi kutoka Scotland akaipeleka kwenye kisiwa kinachofanana na Haiti, na wale wachawi watatu wakawa watu wa ibada za kivudu. Usiku wa ufunguzi, mwezi Aprili, watu walijaa barabara kuzunguka ukumbi wa Lafayette mpaka magari hayapiti. Lee alicheza Banquo, yule rafiki anayeuawa kisha anarudi kama mzimu. Fikiria Banquo mwenye mabega ya bondia.

Welles hakumsahau. Mwaka 1941 alipoamua kuipeleka Broadway riwaya ya Richard Wright, Native Son, alimpa Lee nafasi ya Bigger Thomas. Kwa asiyeijua hadithi: Bigger ni kijana maskini wa Chicago anayepata kazi ya udereva kwa tajiri mweupe. Usiku mmoja anajikuta chumbani kwa binti wa tajiri, binti amelewa, mama mtu ambaye haoni anaingia, na Bigger kwa hofu ya kukutwa pale anamziba binti mdomo kwa mto mpaka anakufa bila yeye kukusudia. Kuanzia hapo ni kukimbia, kukamatwa na kuhukumiwa kifo. Mchezo ule ulikwenda bila mapumziko, na Bigger hatoki machoni kwa watazamaji. Ugumu wake ni kwamba mwigizaji hatakiwi kumfanya Bigger apendeke wala kumfanya mnyama. Lee aliweza. Wahakiki wa New York walimsifu, na mtu aliyeingia kwenye maigizo kwa kubahatisha akawa mmoja wa waigizaji wakubwa wa nchi ile.

Miaka iliyofuata alifanya mambo ambayo mtu mweusi alikuwa haruhusiwi hata kuyawaza. Mwaka 1944 Alfred Hitchcock alimweka kwenye filamu ya Lifeboat kama Joe, mtu mweusi pekee ndani ya mashua ya walionusurika meli ilipozama. Lee aliona mhusika ameandikwa kwa mtindo wa zamani wa mtumishi anayeitikia ndiyo bwana kila sentensi, akapigania maneno yale yabadilishwe. Mwaka 1945 alicheza Caliban katika The Tempest, pale Broadway. Mwaka 1946 akapakwa rangi nyeupe usoni akacheza Bosola, mhusika mweupe, katika The Duchess of Malfi. Wazungu walikuwa wamejipaka weusi usoni kwa zaidi ya miaka mia moja ili kutuchekesha sisi tulivyo, na huyu akaligeuza jambo hilo bila mzaha wowote. Mwaka huohuo alishiriki kutayarisha, na akacheza, On Whitman Avenue, tamthilia kuhusu familia ya askari mweusi aliyerudi vitani inayofukuzwa kwenye mtaa wa weupe. Halafu mwaka 1947 akacheza bondia mgonjwa katika filamu ya Body and Soul, akiwa na John Garfield. Wapenzi wa ndondi, itafuteni. Pale ulingoni huoni mtu anayeigiza.

Nje ya jukwaa pia hakunyamaza. Alihutubia mikutano ya kupinga watu weusi kuuawa na makundi ya wahuni, kupinga ubaguzi jeshini na kwenye nyumba za kupanga. Alipopewa kipaza sauti akasema kwamba redio za Marekani zinamfungia nje mtu mweusi, na zinapomwingiza zinamfanya kichekesho. Haya yote aliyasema hadharani, na kila aliyetaka kuyaandika aliyaandika.

Jina ndani ya faili

Sasa tufike kwenye sehemu iliyonikosesha usingizi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Marekani iliingia katika uhasama na Urusi ya Kisovieti, na ndani ya nchi ikaanza hofu ya wakomunisti. Kamati ya Bunge iliwaita watu wa filamu wajieleze. Mwaka 1949 mtumishi mmoja wa Wizara ya Sheria, Judith Coplon, alishtakiwa kwa ujasusi. Katika kesi yake zilisomwa karatasi za FBI, na ndani ya karatasi hizo yalikuwamo majina ya wasanii waliotajwa na watoa habari wa siri. Jina la Canada Lee likawa mojawapo. Yeye hakuwa mshtakiwa. Hakuitwa kujitetea. Mtoa habari hakujitokeza kuulizwa amejuaje. Karatasi ilisomwa tu, magazeti yakaandika, kesho yake nchi nzima inajua.

Lee alitangaza mbele ya waandishi kwamba yeye si mkomunisti na hajawahi kuwa. Haikusaidia, na ili uelewe kwa nini, inabidi ujue biashara ya redio na televisheni ya Marekani ilivyokuwa inaendeshwa. Televisheni ndiyo kwanza ilikuwa inaingia majumbani, na ndiko kazi za waigizaji wa jukwaani zilikokuwa zinahamia. Mara nyingi kipindi kizima kililipiwa na mdhamini mmoja, tuseme kampuni ya sabuni, sigara au magari. Mdhamini ana wakala wake wa matangazo, na wakala ndiye mwenye kauli juu ya nani aonekane. Kukawa na watu waliojipa kazi ya kukusanya majina ya wasanii wanaoshukiwa na kuyachapisha. Mdhamini akipata barua chache za kutishia kususia bidhaa zake, hahitaji ushahidi. Anasema tafuteni mwigizaji mwingine. Kumtafuta mwingine hakumgharimu kitu, kumtetea aliyeshukiwa kunaweza kumgharimu mauzo.

Kwa hiyo hakuna aliyemwandikia Lee barua ya kumfukuza. Angekuwa na barua angeweza kwenda mahakamani, angeweza kuuliza kosa ni lipi. Yeye alichopata ni kwamba simu zilipungua. Nafasi iliyokuwa inazungumzwa wiki iliyopita wiki hii imeshachukuliwa. Mtayarishaji aliyekuwa rafiki yuko kikaoni. Televisheni, ambayo ingempa mkate wa miaka yake ya hamsini na sitini, ilimfungia mlango karibu kabla hajaingia. Katika filamu ya Lost Boundaries ya mwaka 1949 alipata sehemu fupi ya ofisa wa polisi, na baada ya hapo Hollywood haikumwita tena.

Inasimuliwa kwamba wakati huo alifikia hatua ya kusema atachukua sanduku na brashi akakae nje ya kumbi za Broadway kung'arisha viatu, watu waone mwenyewe wa Native Son anavyoishi, na viongozi wa chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, wakamsihi asubiri. Inasimuliwa pia kwamba aliahidiwa kusafishwa jina lake ikiwa atamsema vibaya Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mkubwa aliyekuwa anaandamwa kuliko wote, naye akakataa.

Kwa makaburu

Kazi kubwa ya mwisho ilimjia kutoka nje ya Marekani. Mwongozaji Zoltan Korda wa Uingereza alimchagua kuwa Stephen Kumalo, kasisi mzee wa kijijini anayekwenda Johannesburg kumtafuta dada yake na mwanawe, akakuta mwana ameua mtu mweupe. Poitier akawa Msimangu, kasisi kijana anayempokea mjini. Filamu ilipigwa Afrika Kusini mwaka 1950, miaka miwili tu baada ya chama cha makaburu kushika serikali na kuanza kuutungia ubaguzi sheria moja baada ya nyingine.

Sasa wageni wawili weusi, wasanii wa filamu, wangeingiaje nchi ile wakafanye kazi pamoja na wazungu? Poitier alieleza baadaye kwamba njia iliyopatikana ni kuwaandikisha kama vibarua wa mkataba wa Korda, yaani watu walio chini ya milki ya bwana wao. Lee aliyewahi kumgomea Hitchcock kwa maneno ya utumishi, hapa alikubali kuandikwa mtumishi ili hadithi ya Kumalo ifike kwa watu. Nimelifikiria sana hilo. Naona alijua tofauti ya vitu viwili. Kwenye Lifeboat maneno yale yangeonekana na mamilioni na kuwaaminisha kwamba hivyo ndivyo watu weusi walivyo. Karatasi ya uhamiaji ya makaburu iliwasema makaburu wenyewe.

Afya yake ilikuwa mbaya wakati wa kazi hiyo, shinikizo la damu lilimwandama. Ukiitazama filamu utaona Kumalo anatembea polepole, anapandisha ngazi kwa tabu, anakaa kimya muda mrefu kabla ya kujibu. Kuna mahali anamtazama mwanawe gerezani na hafanyi kitu chochote kwa uso wake, lakini unaelewa yote. Mtu aliyecheza Bigger kwa mwili mzima sasa anacheza mzee kwa macho, na jicho moja halioni.

Alirudi nyumbani akitumaini filamu itamfungulia milango. Haikufungua. Tarehe 9 Mei 1952 alifariki New York akiwa na miaka 45. Siku 12 baadaye John Garfield, mwenzake wa Body and Soul, ambaye naye alikuwa anaandamwa na kamati ileile, akafa kwa moyo akiwa na miaka 39. Mtoto wa Lee, Carl, alikuja kuwa mwigizaji pia. Lakini jina la baba likafifia kiasi kwamba wengi waliomjua Poitier hawakuwahi kusikia nani alikuwa mbele yake siku zile Johannesburg.

Kwetu hapa

Sitaki kulinganisha kampasi yetu na Marekani ya wakati ule. Huku hakuna FBI wala kampuni za sabuni. Ila mtambo wenyewe naufahamu, na nyie mnaufahamu. Mwaka jana jina la mwanafunzi mmoja lilizungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ndiye anayepeleka habari za wenzake kwa wakubwa. Hakuna aliyesema amelitoa wapi. Kundi lake la semina likamwambia limeshajaa. Aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja akahamia kwingine. Mpaka leo hakuna ushahidi uliowahi kuletwa, na hakuna kikao kilichowahi kukaa ambacho angeweza kwenda kujieleza. Ukimwuliza mmoja mmoja, kila mtu atakwambia yeye hakufanya kitu, ni vile tu hakutaka matatizo.

Hivyohivyo ndivyo wangekujibu wengi wa waliomnyima kazi Canada Lee. Wakala wa matangazo hakumchukia. Mtayarishaji alimpenda. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliochagua utulivu wao, na hesabu ya kila mmoja ilikuwa ndogo: nafasi moja, simu moja isiyopigwa. Ukizijumlisha unapata mtu mzima ameondolewa kwenye kazi yake bila mkono wowote kuonekana.

Serikali ya wanafunzi ina katiba, na ndani yake kuna utaratibu wa kumtuhumu mtu na kumsikiliza. Msimu huu likiletwa jina kwenye simu yako, uliza limetoka kwa nani na kwa ushahidi gani, uulize palepale kwenye grupu watu wote wakiwa wanasoma. Likikosa mwenyewe, liache hapo lilipofika. Na yule aliyetajwa, mfuate kafteria mkae meza moja. Ukipata muda wikiendi, tafuta Cry, the Beloved Country ya zamani, ya mwaka 1952, uangalie Kumalo anavyopanda mlima peke yake alfajiri ya kunyongwa kwa mwanawe.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu.